Bwana Wiki Nane

Tallow Creek, Ohio
14 Machi 2019

Kwako kaka yangu Len,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekupa nafuu sasa theluji inapoanza kuyeyuka. Noreen naye nampa pole ya kikohozi. Mwambie asiendelee kuzoa theluji kwa koleo barabarani wakati yuko na mume mwenye mikono miwili. Mimi ni mzima wa mwili. Mashine zinazunguka, paa la ghala bado linavuja pale pale ulipolitazama mwaka juzi ukasema ni kazi ya nusu saa.

Utashangaa kupata barua na simu ninayo. Tangu Mama alipofariki sijawahi kukuandikia zaidi ya kadi. Lakini kwenye simu ungenikatiza kwa swali, nami ningekimbilia jibu fupi, kisha tungeanza kuzungumzia goti. Nakuomba uisome hadi mwisho. Humu ndani mna bahasha ndogo ya rangi ya kahawia. Usiifungue hadi nikuambie.

Kwanza niombe radhi kwa Jumamosi ile ya tarehe mbili. Noreen alikuwa amenifungia kipande cha mkate wenye njugu za jozi ndani ya karatasi ya fedha, nami nikakiacha mezani nikatoka ukumbini kama mtu aliyeambiwa gari lake linaungua. Baadaye nikakutumia ujumbe kwamba tumbo limenisokota. Tumbo langu halikuwa na kosa lolote, Len. Lilikuwa limeshiba kabichi na tambi, na lilikuwa tayari kuongezewa.

Nilikuja siku ile nikidhani nakuja matangani. Watu arobaini na watatu wanapoteza kazi, kiwanda cha springi kinafungwa baada ya miaka sitini, nikajua nitakuta nyuso za kanisani. Nikakuta ukumbi wa zimamoto umejaa kelele, meza zimesheheni sufuria za kila nyumba, na yule rafiki yako Dutch Mahaffey amepanda juu ya kiti na kikombe cha karatasi mkononi, anawataka watu wote wanyanyue vikombe kwa heshima ya Bwana Wiki Nane.

Sikujua ni nani. Wewe ndiye uliyenieleza, ukiinama sikioni kwangu kwa sababu ya kelele. Ukasema kiwanda chenu kiliiandikia Washington kuomba kisamehewe ule ushuru wa asilimia ishirini na tano kwenye waya mwembamba wa Uswidi, kwa kuwa hakuna mtu katika nchi hii anayeutengeneza. Ukasema ombi lilikuwa linaelekea kupita. Kisha akatokea mtu, mwenye kiwanda mahali fulani, akaweka pingamizi. Akaandika kwamba yeye anaweza kuutengeneza waya huo, wa unene ule ule, kiasi kile kile, ndani ya wiki nane. Washington wakamwamini na ombi lenu wakalikataa. Wenye mali wa Chicago wakapiga hesabu zao wakaona kwamba waya ukiingia Marekani unatozwa robo ya bei yake, lakini springi iliyokwisha kupindwa Mexico inaingia bila kutozwa hata senti. Basi mashine zinahamia Mexico. Waya wa Uswidi utakwenda Mexico, utapindwa kule, na springi zitaletwa huku kuingizwa kwenye zile kalamu za kujidunga dawa ya kisukari, kama kawaida, isipokuwa ninyi hamtakuwepo.

Dutch akasema basi na sisi tupindwe, tuwe springi, tuingie bure. Watu wakacheka. Akasema yeye hana neno na Bwana Wiki Nane, maana hata yeye alimwahidi mkewe kutengeneza ngazi ya nyuma ndani ya wiki nane, na hiyo ilikuwa mwaka 1997. Mkewe akajibu kutoka upande wa pili wa ukumbi kwamba angalau Washington hawakulazimika kulala naye. Yule mama wa sehemu ya kufunga bidhaa, mwenye miwani ya kamba, akasema huyo lazima ni mwanamume, kwani mwanamke asingesema wiki nane bila kwanza kutazama kalenda. Tukacheka sana. Mimi nilicheka kuliko wengi.

Ndipo Dutch akanigeukia. Akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba dada yake Len si ana kiwanda cha waya huko Ohio, jamani, mbona tumemwacha apite mlangoni bila kukaguliwa mifuko. Ni mzaha tu, hakuna aliyedhani vingine. Wewe ukanishika bega ukamjibu, na maneno hayo nayaandika kama ulivyoyasema, kwa kuwa sijapata usingizi mzuri tangu niyasikie:

"Bernie? Bernie hawezi kutaja namba ya uongo hata umwekee bastola kichwani. Tulipokuwa watoto alikuwa akizihesabu pipi mara mbili, asije akanipunja mimi."

Nikatabasamu. Nikala tambi zangu. Baada ya muda nikasema nakwenda kuchukua glavu kwenye koti langu, nikatoka hadi kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, pale kwenye vigingi vya makoti. Pembeni ya makoti meneja wenu, Gale Whitcomb, alikuwa amebandika ukutani zile karatasi kutoka Washington, kila mtu ajisomee mwenyewe kwa nini amepoteza kazi. Jina la mwenye pingamizi lilikuwa limefutwa kwa kalamu nene nyeusi. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nikasoma wa pili hadi katikati, nikaona namba moja. Nilishika mkono wa koti la mtu nisiyemjua. Ndiyo sababu niliondoka. Namba yenyewe nitakuambia, lakini niache kwanza nirudi nyuma kidogo, maana usipoyajua haya utadhani nimeamka siku moja nikawa mwendawazimu.

Unakumbuka mwaka 2001, kiwanda cha waya cha Ballard kilipofungwa na Baba akarudi nyumbani na sanduku lake la zana. Waya wa ng'ambo ulikuwa unauzwa bandarini kwa bei ndogo kuliko bei ya chuma tuliyonunulia sisi, kabla hata hatujaugusa. Ulinuna siku mbili tatu, kisha ukavuka kwenda Pennsylvania kupata kazi kwa watu waliokuwa wakiutumia waya huo huo wa kigeni. Sikulaumu. Ulikuwa na watoto wawili. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kufagia ofisi za Ballard, na hakuna aliyeniletea fomu ya kujaza kutoka Washington kuniuliza kama nina pingamizi. Nilikwenda kwenye mnada na dola elfu nne na mia moja, nikanunua mashine tatu za kuvutia waya ambazo wanunuzi wengine walizitaka kama chuma chakavu. Uliniambia nimechanganyikiwa. Ulisema mbele ya Mama. Baba peke yake ndiye aliyekuja na sanduku lake kunisaidia kuzifunga, na akafanya kazi kwangu bila mshahara miaka mitano hadi alipofariki, akiniambia kila asubuhi kwamba nimechelewa kufungua.

Miaka kumi na saba nimeishi kwa nusu senti, Len. Nusu senti kwa ratili ndiyo iliyokuwa faida, na ikipungua hapo nauza ng'ombe ambaye sina. Kwa hiyo mwaka jana ushuru ulipotangazwa, sitakudanganya, nilifunga mlango wa ofisi nikalia kwa furaha. Nikasema hatimaye kuna mtu amekumbuka kwamba tupo. Oda zikaja. Nikaajiri watu sita. Hao sita wana majina na nyumba zao wenyewe, na mmoja wao alikuwa analala kwenye gari lake nilipomwajiri. Wewe uliponipigia mwezi wa Oktoba ukasema ushuru huu utawamaliza, nilikujibu kwa ukali kwamba anayewamaliza ni ulafi wa Chicago. Bado naamini nusu ya jibu hilo.

Kwa upande mwingine, wale wa hapa nchini wanaoniuzia chuma nao hawakulala. Waya mnene ninaounyoosha kuwa mwembamba nilikuwa naununua senti thelathini na moja kwa ratili. Ndani ya miezi miwili ikawa thelathini na nane. Haukutoka ng'ambo, haukulipa ushuru wowote, umetoka maili tisini kutoka hapa. Lakini muuzaji aliona wa nje amepanda, naye akapanda nyuma yake. Nilipomuuliza akaniambia hayo ndiyo masoko, mama. Hivyo robo niliyoipata kwa mlango wa mbele ilianza kutoka kwa mlango wa nyuma, nami nikawa nahitaji oda mpya, na hasa oda za waya mwembamba wa bei kubwa.

Ndipo akaja wakili kutoka Cleveland. Mtu mpole, anavaa viatu vya mpira juu ya viatu vyake vya ngozi. Alinieleza kwamba kila kiwanda kinachoomba msamaha wa ushuru, sisi wa nyumbani tunaruhusiwa kulipinga ombi hilo, ikiwa tunaweza kuitengeneza bidhaa yenyewe. Nikamwambia mimi sitengenezi waya mwembamba kiasi hicho. Nina mashine yake, niliinunua mnadani kule Illinois, lakini bado imo ndani ya makreti, imefunikwa turubai. Akasema swali lao si kama naitengeneza leo, swali ni kama naweza kuitengeneza ndani ya wiki nane. Akaniuliza mashine hiyo ikifungwa na ikienda vizuri inatoa kiasi gani. Unanijua. Nikiulizwa namba siwezi kunyamaza.

Basi kila Ijumaa wakawa wananitumia jedwali. Halina majina. Lina namba ya ombi, unene wa waya, na tani kwa mwaka. Sikuwahi kuuliza majina. Nilipenda vile ilivyokuwa, safu tatu, safi. Nilikuwa nalipitia wakati wa chakula cha mchana, mkate mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, naweka alama pale ambapo mashine yangu ya kwenye makreti ingeweza kufika. Ofisi ya wakili inajaza fomu, nami natia sahihi. Tangu Agosti nimetia sahihi mara kumi na nne.

Katika moja ya hizo, unene ulikuwa inchi 0.011, na mahitaji yalikuwa tani 38.4. Nikapiga hesabu pembeni ya karatasi. Mashine moja, zamu mbili, nukta nane ya tani kwa wiki. Nikazidisha kwa wiki hamsini na mbili. Nikapata 41.6. Ni zaidi ya mahitaji yao, nikaweka alama, nikamalizia mkate wangu.

Hiyo ndiyo namba niliyoiona ukutani, Len, chini ya jina lililofutwa kwa wino mweusi. Arobaini na moja nukta sita. Mtu mwingine angeandika arobaini, au zaidi ya arobaini. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeandika nukta sita. Na niliposimama pale nimeshika koti la mtu, kitu cha kwanza kilichonijia si huruma wala aibu, ni kosa la hesabu. Wiki hamsini na mbili. Sikutoa hata Krismasi. Sikutoa siku moja ya kubadilisha vitundu vya almasi ambamo waya hupitishwa uwe mwembamba, wala waya kukatika, wala umeme, wala mtu kuugua. Ile haikuwa hesabu ya kiwanda, ilikuwa hesabu ya kushinda.

Bwana Wiki Nane ni mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo kwenye mstari wake peke yake ili usiipite. Kazi yako, na ya Dutch, na ya yule mama wa miwani, na ya wengine arobaini, nimeiondoa mimi mchana mmoja wa Ijumaa, nikiwa nala.

Na si hilo tu. Gale Whitcomb anajua. Amejua tangu siku karatasi zilipofika, kwa sababu yeye aliziona kabla jina la ukoo wetu halijafutwa, na aliyelifuta ni yeye. Pale kwenye makoti alinikuta. Alikuwa amebeba mfuko wa takataka kuupeleka nje. Alinitazama, akatazama ukuta, akaona nimefika katikati ya ukurasa wa pili. Nilikumbuka jinsi uliponitambulisha kwake mwanzoni mwa chakula, kwamba huyu ni dada yangu mwenye kiwanda cha waya, naye akachukua sahani akanipakulia kwa mkono wake mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Len ana wiki nne za kazi zilizobaki. Niliona angalau awe nazo akiwa bado na dada."

Akafungua mlango akatoka na takataka zake. Nilikaa ndani ya gari dakika ishirini, injini imezimwa, nasikia mnavyoimba humo ndani. Nikuambie na hili, ili usije ukadhani nilikuwa nalia. Nilikuwa nazidisha. Tani 38.4, kwa ratili elfu mbili kila tani, ni ratili elfu sabini na sita na mia nane, mara dola tatu na senti kumi kwa ratili, ni dola laki mbili, elfu thelathini na nane na themanini. Nilikuwa natafuta kujua kama oda hiyo ilikuwa na thamani ya hiki nilichokifanya. Jibu lilipokuja nikagundua kwamba oda yenyewe hata haikuja. Ninyi hamkuninunulia waya. Hakuna aliyeninunulia. Kiwanda chenu kimefungwa tu. Sikupata hata senti, Len. Ndipo nilipolia.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Curtis, fundi wangu mkuu, tufungue makreti. Akacheka akauliza kama leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Nikamwambia tuna wiki nane nilizoahidi mwezi wa Novemba, na tumekwisha kuzipita. Nilijiambia kwamba kama naweza kuutengeneza kweli, basi sikusema uongo, nilichelewa tu, na ningewapigia Chicago simu siku hiyo hiyo kuwauzia. Tulifanya kazi siku sita, mimi mwenyewe nikiwa chini ya mashine na kurunzi mdomoni. Waya ulikatika mara thelathini na moja siku ya kwanza. Siku ya tatu tukafika 0.014. Siku ya sita, Jumamosi, tukafika 0.011, unang'aa, unene sawasawa mwanzo hadi mwisho. Wale vijana wangu sita wapya wakapiga makofi.

Nikakata kipande nikaenda nacho dirishani kufanya lile jaribio la Baba. Unamkumbuka alivyokuwa na vipande vya waya kwenye mfuko wa shati hata kanisani. Anauzungusha waya juu ya waya wenyewe, mizunguko sita iliyobanana, kisha anautazama kwa kioo. Ukipasuka popote, roli zima la waya linarudishwa, hata kama bosi amesimama mbele yake na lori liko mlangoni. Nimefanya jaribio hilo kwa vipande ishirini. Vyote ishirini vilipasuka.

Sitengenezi waya wenu, Len. Si kwa wiki nane, pengine hata kwa miaka miwili. Chuma ninachonunua si safi kiasi hicho, na sina tanuru la kuupasha waya moto ili utulie usipasuke. Waswidi wamekuwa wakiufanya kwa muda mrefu kuliko umri wa babu yetu, na lile lilikuwa jibu ambalo Baba angenipa bure kabla sijainua kalamu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Cleveland nikamwambia wakili nataka kuliondoa pingamizi na kusema wazi kwamba sikuwa na uwezo. Hapo ndipo upole ulipomtoka. Akaniambia niondoe pingamizi kimya kimya, niseme soko limebadilika, lakini nisiandike kamwe kwamba nilichosema hakikuwa kweli. Fomu ile ina mstari chini yake unaosema kwamba anayetoa taarifa ya uongo kwa serikali anaweza kushtakiwa, na sahihi iliyo juu ya mstari huo ni yangu, mara kumi na nne. Wakitaka, watazifungua zote. Alisema pia kwamba kuondoa kimya kimya hakutawasaidia ninyi chochote, kwa kuwa uamuzi ulikwisha tolewa. Kinachoweza kusaidia ni maneno yangu mwenyewe kwamba waya huu haupatikani kwangu. Nikamuuliza hizo nyingine kumi na tatu ni viwanda gani. Akasema hakumbuki yote. Nikamwambia anitafutie majina. Hadi leo hajaleta.

Nimempigia Gale. Hakuniahidi kitu, na nimemheshimu kwa hilo. Amesema Chicago wamekubali kutozifungua mashine kutoka sakafuni kabla ya tarehe ishirini na tisa, na kwamba ikiwa kabla ya ishirini na mbili atakuwa na karatasi yenye sahihi ya yule aliyepinga, inayokiri kwamba hana uwezo, atapeleka ombi jipya na atawaomba wasubiri jibu lake. Labda watasubiri. Labda Mexico imekwisha kuwanogea. Alitaka niitume kwake moja kwa moja. Nimekataa.

Karatasi hiyo imo humu, imekunjwa mara tatu nyuma ya barua hii. Nimeiandika bila wakili. Inasema nilikuwa na mashine ndani ya makreti, inasema namba yangu niliipataje, na inasema kuhusu Krismasi. Nakuomba uipeleke kwa Gale wewe, kwa mkono wako. Si kwamba nakutwika mzigo wa kuamua. Nakala nyingine niliipeleka Washington jana kwa posta ya kusainiwa, kwa hiyo lililokuwa la kuamuliwa nimeliamua. Ninachotaka ni kwamba usilisikie jina langu kwa mtu yeyote ukumbini wala kiwandani. Ulinitetea mbele yao wote kwa mdomo wako. Nimeona haki ni kwamba usikie kwangu mwenyewe kwamba ulikosea.

Sijui litakalonipata. Huenda lisinipate lolote, maana karatasi ni nyingi huko na watu wachache. Huenda likanipata kubwa. Curtis nimemweleza, na wale sita nimewaeleza, na mmoja wao aliniuliza kama ina maana atarudi kwenye gari lake. Sikuwa na namba ya kumpa. Bado ninaamini kwamba mtu akiuza chini ya bei ya chuma chenyewe ili aniue, nina haki ya kupiga kelele. Hilo sitalifuta. Lakini mimi sikumpigia kelele aliyetaka kuniua. Nilimpigia mtu aliyekuwa kwenye safu ya tatu ya jedwali, na kumbe alikuwa amekaa mezani ananitunzia mkate wa jozi.

Sasa fungua bahasha ndogo.

Mna kipande cha waya chenye urefu wa kiganja. Ni 0.011 kamili. Curtis amekipima mara tatu na mimi mara nne. Kishike karibu na dirisha la jikoni, pale penye mwanga, ukizungushe juu yake chenyewe kama Baba alivyotufundisha. Mzunguko wa kwanza kitakubali, na wa pili. Sikiliza wa tatu. Kisha vichukue hivyo vipande umpelekee Gale pamoja na karatasi, kwa kuwa karatasi wanaweza kuibishia, lakini fundi wa springi yeyote akivishika hivyo hatakuwa na swali.

Mpe Noreen salamu zangu, na umwambie yeye mwenyewe, usimfiche. Watoto wasalimie watakapopiga simu. Dutch naye msalimie, na akisema anataka kuja kunikagua mifuko, mwelekeze njia, nitamfungulia. Sitakupigia simu. Jumapili nitakuwa nyumbani kuanzia ibada itakapokwisha hadi jioni, na Jumapili nyingine baada ya hiyo, na nyingine. Goti lisipokuruhusu kuendesha, usilisukume.

Ni mimi dada yako, ambaye jina lake liko chini ya wino mweusi,

Bernadette Hudak